Tajiri Aliyetuma Akiwa Motoni

Katika nyumba ile kila mtu alimwita Dada. Watoto walimwita Dada, Mama mwenye nyumba alimwita Dada, na Mzee mwenye nyumba, ambaye mvi zake zilitangulia za mwanamke yule kwa miaka mingi, naye alimwita Dada. Hata mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza, akitaka maji ya kunawa, aliita "Dada" kuelekea upande wa jiko bila kuuliza, na yeye akatokea na jagi na beseni. Si jina baya. Ila, ndugu zangu, mtu anaweza kuwa dada wa nyumba nzima na asiwe na ndugu hata mmoja ndani yake.

Tumwendee taratibu, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa taratibu. Mkimtafuta asubuhi mtamkuta nyuma ya jiko, kwenye chumba cha pasi. Meza ilifunikwa blanketi kuukuu lenye alama za kuungua, na dirisha moja lilitazama geti. Mzee alipenda mashati ya kitani. Kitani, kwa asiyekijua, ni kitambaa chenye kiburi: ukikipiga pasi kikavu kinakudharau, ukikilowesha mno kinakunja uso. Dada alikinyunyizia maji kwa ncha za vidole, akakiviringisha kama mtoto mchanga, akakiacha kinywe maji yake polepole huku akipiga pasi mashuka. Alipokirudia kilikuwa kimetulia, kinakwenda na mkono wake.

Mikono hiyo ililea watoto wote wa nyumba ile. Kifungua mimba, binti, alimbeba mgongoni akipika, hata mtoto akajua harufu ya kitunguu kabla ya harufu ya sabuni. Kitinda mimba sasa alikuwa kijana wa chuo, na bado akipotewa na soksi alisimama mlangoni pa chumba cha pasi akatazama tu, bila kusema, na soksi zikaonekana.

Mtoto wa Dada mwenyewe alilelewa na mdogo wake, mbali, safari ya kutwa kwa basi. Alimwacha hajaota meno. Mdogo wake aliyempokea begani alisema, "Nenda dada yangu, mtoto hatakosa mama." Na kweli hakukosa. Akakua akimwita mama yule aliyempikia uji, na huyu aliyeleta viatu vipya kila alipopata ruhusa akamwita mama wa mjini. Alipokwenda kuwatembelea, binti alimletea maji katika ile glasi iliyofichwa kabatini kwa ajili ya wageni, akapiga goti, akaipokea tena kwa mikono miwili. Adabu tupu. Dada alisifiwa na majirani kwa kupata mtoto mwenye adabu namna ile, naye akashukuru, na njia nzima ya kurudi alitamani mtoto amkosee heshima japo mara moja. Amnunie. Amwombe kitu na akikataliwa apige teke mlango.

Sasa binti huyo aliolewa, akapata mimba, na siku moja akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnaendeleaje?"

"Tunaendelea. Mama, wakati ukifika, utakuja?"

Dada aliweka pasi pembeni, akaisimamisha. Tangu kuzaliwa kwake, hilo lilikuwa jambo la kwanza mtoto huyo kumwomba mama yake.

"Nitakuja," alisema. "Nitakuja kabla."

Akaenda kwa Mama mwenye nyumba siku ileile, akaomba ruhusa, akapewa. Mama alikuwa mtu wa moyo laini, msimdhanie vingine. Alimpa hata vitenge viwili vya kumpelekea mzazi. Tangu hapo Dada akaanza kuimba akipiga pasi, na Komeo akamuuliza kama ameokoka upya.

Komeo ndiye mlinzi wa geti. Zamani alikuwa mbebaji wa magunia kwenye ghala la Mzee, maana Mzee alikuwa na malori na ghala la nafaka, na wakati wa njaa ghala hilo lilikuwa na shughuli nyingi kuliko wakati wa shibe. Mgongo wa Komeo ulipokataa kunyooka, alipewa kiti getini. Alikuwa akisema, "Mimi na geti tulipangiwa kazi moja. Wote hatuwezi kuinama."

Basi mambo yakawa hivyo, mpaka binti wa nyumba, yule kifungua mimba, aliyekuwa ameolewa mji mwingine, akajifungua mapema kuliko ilivyotarajiwa. Nyumba ikajaa simu na shangwe. Asubuhi Mama alikuja chumba cha pasi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akagusa kola ya shati, akasema kwa upole, "Dada, utakwenda kumsaidia. Miezi michache tu, mpaka mtoto akaze shingo."

"Mama, na ile ruhusa yangu?"

"Nimeifikiria, usidhani sikuifikiria. Lakini mwanao ana mama yake mdogo pale, amezoea. Huyu wangu ana nani? Amekuomba wewe. Amesema, nileteeni Dada."

Dada alitazama shati. Nalo lilikuwa gumu jibu hilo, kwa sababu yule binti alimpenda kweli, na yeye alimpenda yule binti kweli. Angekuwa mtu wa kuchukiwa ingekuwa rahisi.

"Sawa, Mama," alisema.

Alipotoka kutupa takataka Komeo alikuwa amekwisha kusikia. Mlinzi asiyesikia si mlinzi.

"Umesema sawa?"

"Nimesema sawa."

"Dada wewe, mdomo wako umetiwa mafuta kama bawaba. Ukisukumwa kwa kidole unafunguka wenyewe."

"Na geti lako je?"

"Geti langu angalau hulia likifunguliwa."

Dada alicheka, kisha kicheko kikageuka. Komeo akatazama barabarani kana kwamba kuna gari linakuja, akaliangalia gari hilo lisilokuwapo mpaka Dada akamaliza kujifuta.

Sasa niwaeleze utaratibu wa nyumba ile, maana bila huo kisa hiki hakiendi. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, vyombo vikishaondolewa, Mzee aliwakusanya wote sebuleni, na mmoja kwa zamu akasimulia kisa cha Maandiko kwa maneno yake mwenyewe. Zamu haikubagua. Mzee alisimulia, Mama alisimulia, kijana wa chuo alisimulia huku akichungulia simu, Komeo alifunga geti kwa kufuli akaja kusimulia, na Dada alisimulia. Na sheria ilikuwa moja: msimuliaji hakatizwi. Awe nani, asemeje, hakatizwi mpaka atamke mwenyewe, "Nimefika." Mzee aliipenda sheria hii, akiwaelezea wageni kwamba mbele ya Neno hakuna mkubwa wala mdogo. Na aliiheshimu. Komeo alipowahi kusimulia habari za Nuhu mpaka kijana akasinzia, Mzee alivumilia mnyama mmoja mmoja.

Zamu za Dada zilikuwa fupi. Aliwasimulia kondoo aliyepotea, na Komeo akalalamika kwamba kondoo wa Dada hupotea na kupatikana kabla mtu hajakaa vizuri. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa zamu yake, na baada yake ndiyo aondoke kwenda kulea.

Wiki hiyo aliweka Biblia kwenye meza ya pasi. Alikuwa anatafuta kisa kifupi, akaangukia cha yule tajiri na Lazaro. Alikijua tangu utotoni. Walisimuliwa hivi: maskini avumilie, atapumzika kifuani pa Ibrahimu. Kilikuwa kama dawa ya kutuliza, unaimeza na kulala. Lakini safari hii macho yake yalinasa kwenye neno moja tu, kitani. Tajiri alivaa kitani safi. Na mikononi mwake kulikuwa na kitani kibichi kinachosubiri pasi. Akakaa chini, akasoma tena kwa kidole. Akaondoka kugeuza nyama jikoni, akarudi, akasoma tena. Siku ya tatu hakuwa anatafuta kisa kifupi tena.

Jumapili ikafika. Mzee kwenye kiti chake, Mama kwenye kochi akiwa na orodha ya vitu vya mjukuu kichwani, kijana sakafuni, Komeo kwenye stuli karibu na mlango kwa ajili ya mgongo. Dada alifuta mikono kwenye aproni, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Palikuwa na tajiri," akaanza, "avaaye kitani. Mimi nikasema moyoni, hicho kitani nani alikipiga pasi?"

Mzee akacheka. "Dada na pasi yake."

"Na kila siku alikula karamu. Si Jumapili peke yake, kila siku. Nikahesabu masufuria, nikachoka mimi badala yao. Maana karamu ya kila siku ina mtu wa kila siku. Anayeamka kuwasha moto, anayesugua masufuria, anayefagia chini ya meza. Hawakutajwa. Nikawatafuta mstari kwa mstari, hawamo. Lakini najua kwamba walikuwamo, kwa sababu Lazaro, yule maskini aliyelala getini, alitamani makombo, na makombo hayatoki mezani yenyewe mpaka getini. Lazima mtu ayafagie. Basi aliyefagia alimjua Lazaro. Labda alimpitishia kitu chini ya aproni. Labda aliogopa."

Kijana alikuwa ameweka simu chini.

"Lazaro ana vidonda. Mahubiri yanasema alikuwa mgonjwa, basi. Mimi nikauliza, vidonda vimetoka wapi? Mtu hazaliwi navyo. Kazi ninazozijua mimi zina vidonda vyake: pasi ina vyake, jiko lina vyake, gunia lina vyake. Na tajiri kitani chake kimetoka wapi? Naye hakuzaliwa nacho. Huyu ana nguo nyingi kuliko siku, huyu hana ngozi. Nikaona labda si mambo mawili. Labda ni jambo moja, limeandikwa pande mbili za geti."

Hakuna aliyemtazama Komeo. Walijitahidi mno kutomtazama, hata Komeo akajikuna shingo.

"Wakafa wote. Tajiri yuko motoni, akainua macho, akamwona Lazaro kwa mbali. Sasa sikilizeni anavyosema. Anasema, baba Ibrahimu, mtume Lazaro. Kumbe jina lake alilijua. Siku zote akipita pale getini, alimjua. Na yuko motoni, ulimi unamwungua, lakini bado anatuma. Hasemi, Lazaro nisamehe. Hasemi, Lazaro, vile vidonda vilipona? Anasema, atumwe aniletee maji. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, nikaacha pasi ikaunguza taulo. Mama, lile taulo la bluu ni mimi.

"Akakataliwa maji. Akafikiri kidogo. Unajua alisema nini? Basi atumwe kwa ndugu zangu. Bado anatuma tu. Lazaro amekufa, amezikwa, ndiyo kwanza amekaa, lakini tajiri hawezi kumwona amekaa bila kumwona kama mtu asiye na kazi. Na nia yake ni njema, mjue. Anawapenda ndugu zake. Anawahurumia kweli. Ila huruma yake lazima ibebwe na miguu ya Lazaro."

Mama alisogeza mto wa kochi kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

"Na lile shimo kubwa kati yao, lisilovukika," Dada alisema, sauti ikishuka, "huwa tunaambiwa Mungu alilichimba. Mimi nadhani alilikuta. Lilichimbwa pale getini, kidogo kidogo, kila geti lilipofungwa. Na waliolifunga ni watu kama sisi, tuliotumwa tukasema sawa.

"Ibrahimu akakataa. Akasema, huyu sasa anafarijiwa. Hapo ndipo nilipolia. Si kwa ajili ya tajiri. Nililia kwa sababu sijawahi kumsikia mtu mkubwa akisema kwa ajili ya mtu mdogo: huyu hatumwi leo, mwacheni akae na wake." Akaishika aproni kwa mikono yote miwili. "Na mimi nataka kwenda kwa mwanangu. Ameniomba. Hajawahi kuniomba kitu. Nimefika."

Mzee alikuwa mtu wa kushika sheria zake, basi hakusema mpaka "nimefika" likatulia vizuri. Kisha akasema, si kwa hasira, kama mtu aliyepapasa mfuko akakosa ufunguo, "Kwa hiyo Dada umetuweka motoni."

"Hapana, Mzee. Yule alikuwa amekwisha kufa. Nyinyi mko hai, mmeshiba, mmekaa."

Komeo alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mama alisimama akaingia chumbani. Siku ile vyombo vya jioni aliviosha kijana wa chuo bila kuambiwa, akavunja kikombe, na hakuna aliyeuliza.

Kesho yake asubuhi Mama alikuja tena chumba cha pasi. Macho yalikuwa mekundu. Alichukua leso iliyokwisha kunyooshwa akaanza kuikunja, akaikunja vibaya.

"Nilidhani wewe ni wa hapa," alisema.

"Nilikuwa wa hapa, Mama."

"Ukienda, itabidi niweke mwingine. Siwezi kukaa bila mtu, na yule binti naye anahitaji mtu. Sikufukuzi. Nakueleza tu."

"Weka, Mama."

"Huna la kusema zaidi?"

Dada alilichukua shati la kitani lililokuwa limeviringishwa, akalikunjua. "Mwambie atakayekuja asilipige pasi kavu."

Mama akataka kucheka, akalia. Wakasimama hivyo, meza katikati yao. Halafu simu ya Mama ikaita, na alikuwa binti wa nyumba, na Mama bila neno akamkabidhi Dada.

"Dada, unakuja lini? Hanyonyi vizuri, nimechoka, sijui kumshika."

Hiyo ilikuwa sauti aliyoifundisha kusema maneno yake ya kwanza. Dada alifumba macho. "Siji, mwanangu," alisema. "Mwite mama yako. Mwambie aje yeye mwenyewe." Akamrudishia Mama simu kabla mkono haujabadilisha mawazo.

Alfajiri iliyofuata Komeo alimfungulia Dada geti, likalia kama kawaida yake. "Ukifika kule," alisema, "kaa. Usinawishe wageni."

Lakini ile wiki ya kusema sawa ilikuwa imekula siku zake. Dada alipofika jioni, vumbi la basi likiwa bado nywelini, alikuta kanga na nepi zimeanikwa kwenye kamba. Alizitazama akajua. Mtoto alikuwa amezaliwa jana yake.

Mdogo wake alitoka mbio akamkumbatia. "Msichana, dada yangu. Mzima, mwenye sauti kama ya mnada. Tulikungoja."

Ndani, binti alikuwa ameegemea mto, amechoka, uso umevimba kidogo. Alipomwona mama yake alijaribu kuinuka.

"Shikamoo mama. Karibu. Mama, mpe mama kiti."

Yaani mama mdogo ampe mama kiti. Dada akapewa kiti, kile chenye kitambaa cha kufuma. Akaletewa maji katika ile glasi. Akanywa. Alipoinuka kutwaa beseni la nguo za mtoto, mdogo wake alimwahi: "Aa, kaa, umechoka na safari." Alipoelekea jikoni kuchochea uji, mume wa binti, kijana mpole, alimpokonya mwiko kwa heshima zote. "Mama usijisumbue, wewe mgeni wetu." Akarudi kukaa. Mikono yake aliilaza mapajani, na ndugu zangu, hakuwahi kuiona mikubwa vile. Akiwa kule, kila aliyefungua mdomo alimtuma. Hapa aliposafiri kuja bila kutumwa, hakuna aliyethubutu. Binti akitaka maji alisema, "Mama," na kabla Dada hajanyanyuka, mdogo wake alikuwa ameshafika. Jina lilijua njia yake.

Hivyo siku mbili. Walifuata adabu, naye akamezeshwa adabu kama mtu anayepewa keki wakati anataka mkate.

Asubuhi ya siku iliyofuata, mdogo wake alimtazama muda mrefu kiasi, akachukua ndoo. "Nakwenda bombani," alisema, "na foleni ya leo naijua. Msinisubiri upesi." Maji kwenye pipa yalikuwa yamejaa mpaka shingoni. Akatoka akafunga mlango.

Wakabaki wawili na mtoto. Binti alikaza macho kwenye shuka. Mtoto akaanza kulia, binti akamweka begani, akamhamisha, akamrudisha. Jasho lilimtoka. Alitazama mlango aliopitia mama yake mdogo, kisha akatazama kiti.

"Mama," alisema.

Dada hakusogea. Aliogopa kwamba jina hilo halikuwa lake.

"Mama, samahani, kama hujachoka... ungenishikia kidogo nikaoge? Kama haitakuwa usumbufu."

"Usiniombe hivyo."

"Nisemeje?"

"Niambie tu. Kama unavyomwambia yule."

Binti alisitasita. Maneno ya namna hiyo hakuwahi kuyatumia kwa mwanamke huyu wa viatu vipya. Mtoto aliongeza sauti. "Basi mshike," alisema, kwa ukali kidogo, ule ukali wa mtu aliyekosa usingizi, "na usimlaze chali, hapendi."

"Hapendi chali," Dada akarudia. "Anapenda vipi?"

"Begani. Si hivyo, mama. Kichwa juu zaidi."

Dada, aliyeshika watoto wa watu kabla binti huyu hajajua kutembea, alipandisha kichwa cha mjukuu wake juu zaidi.

"Hivi?"

"Hapo," binti alisema, akachukua sabuni na taulo, akatoka bila kugeuka kutazama nyuma.